Lafudhi Si Mhusika

Acha niingie kwenye ugomvi moja kwa moja, tusimalizane bando bure. Hadithi nyingi za mashabiki ambazo vijana wenzangu wa Kakamega wananitumia nisome hazina mhusika ndani. Zina jina lake, zina kofia yake, zina vile anavyotamka maneno. Mwenyewe hayumo. Ni kama kwenda matangani ukute viti vimepangwa, picha iko kwenye fremu, isukuti zinalia, halafu jeneza ni tupu.

Nikisema hivyo, jibu huwa lile lile: "Manze, tulia. Ni fanfiki tu." Hiyo "tu" ndiyo nimekuja kupigana nayo leo.

Kwa ambaye hajakutana na mambo haya, hadithi ya shabiki ni ile unayoiandika ukimtumia mhusika aliyebuniwa na mtu mwingine. Unamtoa kwenye kitabu, kipindi au filamu, unampa siku ambayo aliyembuni hakumpa. Huko nje kuna hifadhi kubwa mtandaoni ya hadithi hizi, Archive of Our Own, iliyopata tuzo ya Hugo mwaka 2019. Kwetu zinazunguka kwenye WhatsApp, Facebook na Wattpad. Nyingine hazijawahi hata kuandikwa. Ziko kwenye ukumbi wa shule, pale kidato cha tatu wanapoigiza kitabu cha kutahiniwa na kukimalizia vile wao wangetaka kiishe. Kwa hivyo usiniambie ni mambo ya Wazungu. Tumekuwa tukiyafanya kitambo, ni jina tu ambalo hatukuwa nalo.

Sasa chukua Papa Shirandula. Marehemu Charles Bukeko alimwigiza kwenye Citizen TV kwa zaidi ya miaka 10, na alipofariki Julai 2020 watu walimlilia kama mtu wa boma lao. Hakuna mhusika ambaye vijana wa Magharibi wanapenda kumwandika kama huyu. Na karibu kila mmoja anamwandika vivyo hivyo: tumbo linaingia kwanza, yeye anafuata. Kila "b" inageuzwa "p", kila "g" inageuzwa "k". Ukurasa wa pili kuna ugali. Ukurasa wa tatu kuna kuku. Ukurasa wa nne kuku ameisha na hadithi imeisha.

Huyo si Shirandula. Huyo ni Mluhya wa vichekesho vya matatu, amevalishwa sare ya ulinzi.

Shirandula ni nani, basi? Ni mlinzi wa geti ambaye mkewe, Wilbroda, hapaswi kujua kwamba yeye ni mlinzi wa geti. Hapo ndipo mlango ulipo. Tumbo, lafudhi, mbinu zake za kukopa na kukwepa, vyote vinaning'inia kwenye huo uongo mmoja. Ni mwanamume anayechunga mali ya watu kazini na kuchunga siri yake nyumbani. Hapumziki mahali popote. Ukimwandika bila hofu ya kujulikana, unaweza kumpa lafudhi ya dunia nzima na bado hatakuja.

Tuseme unataka kumwandika kweli. Usianze na kuku. Anza na Wilbroda kushuka kwenye gari, kufika getini na kuuliza ofisi ya mume wake iko orofa ya ngapi. Mlinzi aliye zamu ni mume wake. Ameinamisha kofia. Utaratibu ni kwamba kila mgeni aache kitambulisho na aandike jina kwenye kitabu. Atafanyaje? Akisema "Mama, andika hapa," sauti itamuuza. Akinyamaza, mwajiri aliye nyuma yake atauliza kwa nini mgeni hahudumiwi. Anakishika kitambulisho cha mke wake mkononi na hawezi kumtazama usoni. Umeona? Sijaweka lafudhi hata moja hapo, na bado unajua ni nani. Unacheka na tumbo linakukata kidogo.

Kuna msee ataniambia: lakini Bukeko mwenyewe alitumia lafudhi. Ndiyo, aliitumia. Aliivaa kama koti. Ukizima sauti ya televisheni na kutazama tu mabega yake, vile anavyogeuka mlango unapofunguliwa, bado ungejua kwamba mtu huyu ana kitu anakificha. Mwigizaji ana mwili, ana macho, ana kunyamaza. Wewe uliye na karatasi huna hivyo, kwa hivyo unakimbilia kitu rahisi zaidi kuandika, nacho ni matamshi. Ndiyo maana napendekeza mtihani mmoja mdogo: chukua mazungumzo ya hadithi yako, uyaandike yote kwa Kiswahili cha kawaida, ufute kila "p" ya kuazima. Mpe rafiki asome. Akikuuliza "huyu anayeongea ni nani?" basi hukuwa na mhusika. Ulikuwa na tahajia mbovu.

Na tusidanganyane kuhusu hiyo lafudhi yenyewe. "Mluhya" wa hadithi hizi anaongea kama nani hasa? Mwisukha? Mwanga wa Mumias? Mmaragoli? Mbukusu? Mnyore? Watu hawa hawatamki sawa, na mtu aliyekulia Shinyalu atakuambia bila kuulizwa. Sisi tulio hapa tunalijua hilo, kisha tukishika simu kuandika, tunawakoroga wote kwenye sufuria moja kwa sababu ndivyo Nairobi inavyocheka. Tunaandika tukijitazama kwa macho ya mtu mwingine. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ufundi mbovu.

Haya, tutoke kwenye televisheni tuingie darasani. Francis Imbuga alizaliwa mwaka 1947 Maragoli, hapa jirani. Tamthilia yake Betrayal in the City ilichapishwa mwaka 1976, na mwaka uliofuata ilikuwa miongoni mwa michezo iliyoiwakilisha Kenya kwenye tamasha la FESTAC kule Lagos. Baadaye ikatahiniwa shuleni, na kizazi kizima kikamjua Mulili, yule binamu ya Boss ambaye Kiingereza chake kimevunjika vipande. Muulize yeyote aliyesoma kitabu hicho akuigizie Mulili. Atatoa Kiingereza kibovu, darasa litaanguka kwa kicheko, na atakaa chini akidhani amemaliza kazi.

Lakini Mulili ni mtu hatari sana. Anasababisha mwenzake Kabito auawe kwa sababu ya tenda ya maziwa. Maziwa, jamani! Anajua sikio la Boss liko wapi na anajua ni neno gani la kulidondoshea. Na siku upepo unapogeuka, ni yeye anayemgeuka binamu yake haraka kabla vumbi halijatulia. Kiingereza chake kilichovunjika ni mtego ambao Imbuga alitutegea makusudi: unamcheka, unamdharau, na wakati unacheka yeye ameshamaliza mtu. Ukimwandika Mulili kama mjinga wa kuchekesha, umefanya kosa lile lile ambalo wahusika wenzake walifanya. Tofauti ni kwamba Kabito alilipa kwa maisha yake na wewe umelipwa kwa emoji za kicheko.

Kwa hiyo nikiulizwa mhusika wa mtu unamshikaje, sisemi "msome sana" halafu nikaishia hapo. Kuna maswali matatu ambayo mimi huyadai kwa kila hadithi ninayotumiwa, na wenzangu wamechoka kuyasikia.

La kwanza: anataka nini, na anaficha nini ili akipate? Shirandula anataka heshima ya nyumbani na anaficha geti. Mulili anataka ardhi, ng'ombe na ukubwa, na anaficha kwamba hana mwaminifu wake hata mmoja, akiwemo Boss.

La pili: hajui nini? Hili wengi hawaligusi kabisa. Shabiki anamjua mhusika kuliko mhusika anavyojijua, kwa sababu amesoma hadi ukurasa wa mwisho. Kisha anamwandika akiwa na ujuzi huo huo. Ghafla Mulili anajieleza: "Mimi nina tamaa kwa sababu nilidharauliwa utotoni." Aisee! Mulili hawezi kusema hivyo. Siku angeweza kulisema hilo, asingekuwa Mulili tena. Mhusika hujulikana pia kwa giza lililo mgongoni mwake, lile ambalo sisi tunaliona na yeye halioni.

La tatu: akibadilika, inamgharimu nini? Sijasema asibadilike. Mfanye Mulili atubu ukitaka. Mpe kanisa, mpe shamba dogo, mpe mke anayemsikiliza. Ila nionyeshe alicholipa. Toba ya bure ni ya mwandishi aliyechoka.

Angalia Imbuga mwenyewe alivyofanya. Mwaka 1984 alitoa Man of Kafira, akamrudia Boss wa tamthilia ya kwanza. Safari hii Boss si mtawala, ni mkimbizi wa kisiasa katika nchi ya watu. Kila kitu cha nje kimeondolewa: kiti, walinzi, wapambe, amri. Kama Boss angekuwa ni kiti chake tu, hapo angetoweka. Lakini anabaki, kwa sababu njaa ya kukaa juu ya wengine haikuwa kwenye kiti, ilikuwa ndani yake. Huo ndio ufundi ninaoutafuta. Badilisha nchi, badilisha nguo, badilisha cheo, kisha uone ni nini kinagoma kubadilika. Kile kinachogoma ndicho mhusika.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana kuna watu wameanza kutabasamu wakidhani niko timu yao. Hawa ni wale walinzi wa kitabu, wanaosema mhusika asiguswe, aachwe alivyoachwa na aliyembuni. Ukiandika Wilbroda amefungua duka la mitumba Amalemba, wanakuja na kipindi na tarehe: "Hilo halikuonyeshwa." Sawa, halikuonyeshwa. Ndiyo maana limeandikwa.

Hawa nao wamesahau walikotoka. Abunuwasi alikuwa mshairi halisi wa zama za Waabbasi, mtu wa Baghdad, aliyefariki mapema karne ya 9. Alipofika pwani yetu kwa midomo ya wasimulizi, akawa mjanja anayezungumza Kiswahili na kuwatoa jasho masultani. Nani aliomba ruhusa? Hakuna. Na hakuna aliyelalamika, kwa sababu wasimulizi walishika kitu kimoja na hawakukiachilia: Abunuwasi humshinda mkubwa kwa kutumia maneno ya mkubwa mwenyewe. Mbebeshe simu, mpeleke mahakamani Kakamega, mpe kesi ya shamba, atakubali. Mfanye ashinde kwa kupiga mtu ngumi, na hata mtoto wa miaka 6 atakuambia huyo si Abunuwasi.

Bibi zetu walijua sheria hii bila semina. Sungura anaweza kuwashinda fisi, simba na tembo. Anaweza pia kushindwa na kobe. Lakini anaposhindwa na kobe, anashindwa kwa sababu ya ujeuri wake, ule ule uliomfanya ashinde jana. Hakuna bibi aliyewahi kusimulia kwamba sungura alishindwa kwa sababu siku hiyo alikuwa mpole. Na linani, lile zimwi la hadithi zetu za Kiluhya, unaweza kulipa nguo nzuri na sauti tamu likamchumbia msichana, lakini njaa yake ya nyama ya watu haiondoki, inasubiri tu chini ya hizo nguo. Msikilizaji anajua inasubiri. Ndiyo raha yenyewe.

Hata kwenye fahali wa kupigana mambo ni hayo hayo. Nenda Malinya au Khayega siku ya mapambano usikilize wazee wanaowazungumzia fahali kwa majina. Huyu huanza kwa kuchimba udongo. Yule hujifanya amechoka, kisha huingia ubavuni. Ukija na hadithi yako kwamba yule wa kujifanya alienda kichwa kwa kichwa tangu mwanzo, hawatakuambia "ni hadithi tu". Watakuuliza: kwa nini? Alikuwa ameumia? Walimpa nini asubuhi? Wanakubali mabadiliko, ila wanadai sababu. Wale wazee ni wahariri wazuri kuliko wengi wetu tulio na shahada.

Kuna mtihani mwingine mgumu, nao ni wa lugha. Ken Walibora alitoa Siku Njema mwaka 1996, na kijana wake, aliyeitwa Kongowea Mswahili kwa ajili ya umahiri wake wa lugha, anatoka Tanga akimtafuta baba hadi Kitale. Kila mwaka kuna mtu anayetaka kuandika "Kongowea akiwa Nairobi" na jambo la kwanza analofanya ni kumpa Sheng. Kwa nini? "Ili awe wa kisasa." Hapana, boss. Kwa kijana huyu Kiswahili sanifu si nguo ya Jumapili. Ndicho kitu alichokuwa nacho wakati hakuwa na baba wala nauli. Ukimwondolea, umemwibia. Unataka aongee Sheng? Ni sawa kabisa, mimi mwenyewe ningesoma. Lakini niandikie ile siku ya kwanza anaongea Sheng: ni nani aliyemcheka hadi akaona aibu kwa lugha yake? Alienda kulala akijisikiaje? Hapo una hadithi. Ukimwanzisha tu na "niaje wasee" kwenye sentensi ya kwanza, una jina la Walibora kwenye uso wa mtu unayemjua mtaani kwako. Mwandike huyo wa mtaani basi, umpe jina lake mwenyewe. Anastahili.

Kabla hujaniuliza kuhusu sheria: ndiyo, ipo. Nchini Kenya hakimiliki ya kazi ya fasihi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Imbuga alifariki mwaka 2012, Walibora mwaka 2020. Piga hesabu mwenyewe. Ukitaka kuuza hadithi inayomtumia Mulili au Kongowea, tafuta wenye haki uzungumze nao. Lakini sheria inauliza tu kama umeruhusiwa. Haiulizi kama umemtendea haki mhusika. Unaweza kuwa na kibali chenye muhuri na bado ukaandika maiti. Na unaweza kuandika kwenye daftari la kurasa 96, bila kibali wala faida, ukamfufua mtu.

Sasa ile "tu" ya "ni fanfiki tu". Kwa nini inanikera hivi?

Kwa sababu hapa Kakamega kuna maboma mengi ambayo baba au mjomba alienda Nairobi kulinda geti. Wengine wanasema nyumbani wanachofanya. Wengine wanasema tu "niko kampuni fulani", na hakuna anayeuliza zaidi, kwa sababu pesa ya karo inafika. Shirandula aliwachekesha watu hao hao. Walikaa sebuleni wakimtazama, na kila mmoja alicheka akijua anachocheka. Hicho ndicho kitu alichotuachia Bukeko: mtu wa getini mwenye siri, mwenye aibu, mwenye mapenzi ya kweli kwa mke anayemdanganya. Vipindi vyetu vimejaa walinzi na wapishi wenye majina ya Kiluhya ambao hawana chochote ndani. Huyu mmoja alikuwa na kitu. Kisha sisi, watoto wa walinzi wale wale, tunamchukua, tunamtoa siri, tunamtoa aibu, tunamtoa mapenzi, tunabakisha tumbo na "p". Halafu tunalalamika kwamba watu wa runinga hawatuandiki vizuri. Watuandikeje? Wanasoma tulichoandika sisi.

Uhuru wa shabiki ni mkubwa. Hana mhariri, hana bodi ya filamu, hana mdhamini anayetaka sabuni yake ionekane kwenye kila tukio. Anaweza kumpeleka mhusika mahali ambapo kipindi cha nusu saa kisingethubutu. Kwa nini utumie uhuru wote huo kurudia kichekesho ambacho tayari kila mtu anakijua? Kama ni kurudia, tazama tu kipindi chenyewe YouTube, utaokoa muda.

Kwa hiyo kazi ninayowapa wanaonitumia hadithi ni hii, na sitasoma nyingine hadi niione. Mwandike Mulili usiku ule baada ya kumaliza mambo ya Kabito, yuko peke yake, hakuna wa kumsikiliza, kwa hivyo hana sababu ya kuongea Kiingereza kizuri wala kibaya. Maziwa yako mezani. Asijieleze, asitubu, asichekeshe. Aamue tu kama atayanywa au hatayanywa. Nikifika mwisho nikajua ni Mulili na si mtu mwingine, nitakupigia simu usiku huo huo.

Hadi hapo, hizo "p" zirudishe ulikozitoa.